Hakukuwa na Sumu Katika Sahani ya Kiden

Ninyi mnaovaa sare mpya za uuguzi, na ninyi walimu mnaoangalia mabweni, na hata wewe kijana uliyeanza kusoma haya kwa sababu simu imekwisha chaji, kaeni. Mimi sina haraka. Nimestaafu, naishi upande wa Kuluva, nafuga nyuki, na nyuki hawampendi mtu wa haraka. Kazi yangu ilikuwa uuguzi wa magonjwa ya akili. Nilianzia Arua mjini, nikamalizia Koboko, na pikipiki ya serikali ambayo mimi niliisukuma zaidi kuliko yenyewe ilivyonibeba.

Watu waliniita dakitari wa wazimu. Mtoto akiniona sokoni anajificha nyuma ya mama yake, na mama naye anajificha nyuma ya magunia ya muhogo. Nilizoea. Kilichoniudhi ni kwamba kwa jina hilo waliniletea mtu akishavua nguo barabarani au akishapasua kichwa cha jirani kwa jiwe. Kijana anayelala tu, anayenyamaza tu, asiyemsumbua mtu, nani atampeleka kwa dakitari wa wazimu? Huyo wanampima malaria. Malaria ikikosekana, wanasema ni mvivu, wanampa jembe.

Na huyo ndiye mgonjwa aliyenipa kazi kubwa kuliko wale wa mawe. Vitabu vinaiita sonona. Nendeni Midia mkamwambie mzee, "Mwanao ana sonona," muone kama hatawauliza inaambukizwa na mbuzi au na kuku. Semeni tu kwamba moyo wa mtoto umechoka mpaka mwili umekataa kazi. Atawaelewa. Si huzuni ya kufeli mtihani au kuachwa na mpenzi. Ile inauma, nakubali, lakini kijana mwenye huzuni ile bado anacheka rafiki yake akiteleza kwenye tope. Hii nyingine inakaa, wiki baada ya wiki. Inaondoa usingizi au inauzidisha, inaondoa njaa, inaondoa hamu ya mpira, ya kusuka nywele, ya nyimbo. Inaondoa hata hamu ya simu, na mkiona kijana wa leo hataki simu, jamani, msingoje kuambiwa.

Tena kwa vijana mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira, kujibu watu vibaya, kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Basi mzazi anaona jeuri, mwalimu anaona utoro, na mtoto mwenyewe anaona kwamba hafai kitu. Hapo wote watatu wamekosea, lakini anayeumia ni mmoja.

Mwalimu wangu katika mambo haya alikuwa Sista Driciru, mkuu wa wodi yetu Arua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia samaki. Siku zangu za mwanzo alinipa mvulana mmoja nizungumze naye. Nikaketi mbele yake na kalamu. Una huzuni? Hapana. Unalala vizuri? Ndiyo. Unakula? Ndiyo. Nikarudi kwa Sista, kifua mbele, nikamwambia mvulana ni mzima. Sista alicheka mpaka akapangusa macho kwa aproni. "Wewe umemhoji kama polisi wa barabarani," akasema. "Hata mimi ningekuambia leseni yangu iko sawa!" Akachukua ungo wa karanga, akaenda akaketi kando ya yule mvulana, si mbele yake, wakaanza kumenya. Hakumtazama. Hakuuliza kitu. Nilipita pale mara kadhaa nikijifanya natafuta ndoo, na kabla ungo haujaisha mvulana alikuwa anaongea na karanga zake, na Sista anaitikia tu, "Mm. Halafu?"

Tangu siku ile sikwenda kwa kijana bila kumtafutia kazi ya mikono. Karanga, kunde, kuchambua simsim, yaani ufuta, kufunga kamba. Keti ubavuni mwake. Akinyamaza, nyamaza. Najua ninyi wa siku hizi kimya kinawatisha, mnataka kukijaza na ushauri. Uzuieni mdomo huo, utapata nafasi baadaye.

Sasa nije kwa Kiden, wa kijiji cha Lurujo, huko Koboko. Mwenyewe ameniruhusu kusimulia, na ameniambia nisimpambe.

Kiden alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Mama yake mzazi alifariki angali mdogo, akalelewa na mke wa pili wa baba yake, Mama Zubeda, muuza chapati aliyempenda sana. Baba yake alikuwa sajini mstaafu, Sajini Luate. Nyumba ile hata kuku walilala kwa amri. Kiden alirudi kutoka shule ya bweni kwa likizo, na likizo ilipokwisha hakurudi. Alilala. Sajini akaona ni uvivu, akamtibu kwa dawa ya kambini: akawa anamwamsha alfajiri kwa filimbi kama kuruta, achote maji, azunguke shamba mbio. Kiden alichota, akakimbia, akarudi akalala tena uso ukiangalia ukuta. Halafu akaacha kula.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ninyi mliozaliwa huku mnajua tayari, lakini kwa mgeni nitaeleza. Kwetu West Nile, huku karibu na mpaka wa Sudan, kukataa chakula cha mtu si jambo dogo. Anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ujue hakina kitu. Ukikataa chakula chake na watu wanaona, umesema bila kusema kwamba huyo ana sumu. Na mtu anayekonda bila malaria, bila kikohozi, basi amelishwa sumu, na aliyemlisha ni yule anayempikia. Na anayempikia ni mama wa kambo. Mnaona hesabu ilivyokwenda? Majirani waliimaliza bila kushika hata kalamu.

Mama Zubeda akaanza kuonja. Kila mlo alitoa sahani ya Kiden nje, uani, mahali ambapo kila mpita njia anaona, akamega tonge kubwa, akachovya, akala. "Munaona? Mimi nakula!" Kiden hakula. Zubeda akaonja tena, la pili, la tatu, ili watu waridhike. Ikawa mtoto anakonda na mama ananenepa. Basi majirani wakasema, wacha we, huyu amekwisha kunywa dawa ya kuzuia sumu yake mwenyewe! Ukishasemwa hivyo huna pa kutokea. Wateja wa chapati wakapungua. Walimletea Kiden mganga wa kutapisha, akamnywesha maji ya mizizi, mtoto akatapika mpaka akashindwa kusimama. Hakikutoka kitu kwa sababu hakikuwemo kitu. Ukoo ukaitisha kikao Jumapili: Zubeda arudishwe kwao, na mganga aje mara ya pili.

Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye aliyenipigia simu. Nilifika siku chache kabla ya kikao. Mama Zubeda akaniletea maji, akayaonja. Akaniangalia, akayaonja tena. Nikayanywa yote, nikaomba mengine, halafu nikamwambia, "Mama, mimi nimetoka Koboko tumbo tupu. Leo hapana pika?" Alisimama tu, akashika mlango. Halafu akakimbilia jikoni. Nilikula ugali wa muhogo na kunde za simsim hadharani, polepole, macho ya majirani yakinihesabia matonge uani. Na kwa taarifa yenu kunde zile zilikuwa tamu, sikuwa najikaza.

Alipokuja kutoa sahani, alisema kwa sauti ya chini, "Dakitari, mimi hapana zaa. Mungu alinipa huyu tu. Kama mimi naua yeye, mimi itabaki na nani?" Nilimwomba karanga.

Kiden alikuwa nyuma ya jiko, kwenye mkeka. Nywele hazijaguswa muda mrefu. Nikamsalimu, nikaweka ungo katikati yetu, nikaanza kumenya. Nilimenya peke yangu kitambo kirefu. Mbuzi akaja akaiba maganda, nikamfukuza, akarudi, nikamfukuza. Mara ya tatu mkono wa Kiden ukatoka kwenye shuka, ukamsukuma mbuzi. Halafu ukachukua karanga.

"Mzee," akasema baadaye, "hii chakula ya mama iko tamu. Mimi najua. Mdomo yangu ndio hapana sikia."

"Mm," nikasema.

"Nikiamka asubuhi, siku iko kama gunia mtu amenipa kubeba. Kila siku gunia. Baba anasema mimi mvivu. Labda ni kweli."

"Mtu mvivu anafurahia kulala," nikamwambia. "Wewe unafurahia?"

Alitikisa kichwa. Machozi yakamtoka bila sauti, na mimi nikaendelea kumenya karanga nisizoziona vizuri, kwa sababu na mimi ni binadamu.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo wengi wenu mnaogopa. Nilimuuliza waziwazi: "Kiden, unafikiria kufa?" Kuna watu watawaambia ukiuliza hivyo unampa mtoto wazo. Si kweli. Kama wazo halipo, atakushangaa na kusema hapana. Kama lipo, amelibeba peke yake, na swali lako ndilo mkono wa kwanza kumsaidia kulishika. Ulizeni kwa maneno ya wazi, bila kupindapinda, bila kutoa macho. Kiden alishusha pumzi. "Ndiyo, mzee," akasema. "Na sasa wanataka kufukuza mama kwa sababu yangu. Nikiondoka mimi, mama atabaki kwake."

Mnaona ugonjwa huu unavyodanganya? Kijiji kizima kilikuwa kinamtafuta muuaji ili kumwokoa mtoto, na kelele zile zile za kumwokoa ndizo zilikuwa zinamsukuma. Nikamuuliza kama ameshafikiria namna gani, akaniambia. Sitaandika hapa alichoniambia. Nilimwambia, "Mwanangu, mengine yote ni yako, sitamwambia mtu. Hili moja siwezi kukaa nalo peke yangu. Nitamwambia baba yako leo, na wewe utakuwepo nikimwambia." Alikasirika, akageukia ukuta. Nilimwacha akasirike. Jioni ile Sajini Luate alikifungia kile kitu alichokitaja Kiden kwa kufuli na kumpa jirani ufunguo, bila kubisha, uso umemvimba. Na Zubeda alihamishia mkeka wake chumbani kwa Kiden. Lakini kikao kilibaki palepale, kwa sababu kilikuwa cha ukoo, si cha Sajini.

Niliondoka nimepanga hotuba ya kusema Jumapili. Nilikuwa na hotuba nzuri, niwaambie ukweli. Ilikuwa na ubongo ndani yake, na mishipa, na mifano.

Jumapili wazee walikaa kwa duara uani kwa Sajini, mbele yao Mzee Jabo, mkuu wa ukoo, mwenye fimbo na kikohozi. Zubeda alikuwa ameketi chini peke yake, mkoba wake wa nguo tayari kando. Alikuwa ameshaufunga. Mimi nikainuka na hotuba yangu. Mzee Jabo akanyanyua fimbo. "Dakitari, wewe ngoja. Hii maneno ni ya nyumba." Nikakaa, hotuba ikabaki tumboni mpaka leo.

Aliyesimama ni Kiden. Sikumwambia asimame, na mniamini, ningejua ningemzuia, kwa sababu alikuwa dhaifu. Alijishika kwenye nguzo ya jiko.

"Mama hapana nipa sumu," akasema. "Hakuna mtu amenipa sumu. Mimi ndio sikutaka kuishi."

Mwanamke mmoja alifunika mdomo kwa leso. Mzee Jabo alisahau hata kukohoa. Nilimtazama Sajini Luate, nikaogopa. Nilidhani atapiga kelele kwamba ni aibu, mtoto wa askari, nyumba yangu, na kadhalika. Alivua kofia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu shule, baba."

"Na mimi nilikuwa nakukimbiza asubuhi."

"Ndiyo, baba."

Sajini alikaa na kofia magotini, akaizungusha. Halafu akasema, si kwake wala kwetu, "Wakati tulikimbilia Sudan, vita iliposhinda sisi, mimi nililala ndani ya nyumba ya nyasi. Nilikuwa naangalia ukuta. Hapana kula. Watu walisema sajini amerogwa. Mama ya Kiden, yule marehemu, alikuwa anakaa karibu yangu, ananyamaza tu. Kila siku. Mpaka nikaamka." Akanyanyua macho. "Mimi najua hii ukuta. Mtoto yangu alikuwa anaiangalia, na mimi nampigia filimbi."

Akalia. Sajini mzima, mbele ya ukoo. Kiden aliachia ile nguzo, akaenda akakaa kando ya baba yake, na hakusema kitu.

Mzee Jabo alikohoa mpaka akamaliza, akaangalia huku na huku, akauliza kwa hasira, "Sasa sisi tumekuja hapa kufanya nini?"

"Kula!" Hilo lilitoka kwa Mama Zubeda. Alikuwa ameshasimama. Akaleta sufuria, ugali na samaki mkavu wa kupaka karanga, akaiweka mbele ya mkuu wa ukoo. Na safari hii, jamani, hakuonja. Alikunja mikono akangoja. Kila mtu aliona. Mkono wa Mzee Jabo ulitoka, ukasimama hewani juu ya sufuria, mtu mzima anatoka jasho kwa ajili ya samaki! Halafu akamega, akala, akatafuna. Akamega tena. "Chumvi kidogo," akasema, na watu wakavunjika mbavu, na mikono ikajaa kwenye sufuria. Mganga, aliyekuja kutapisha mara ya pili, alikula kuliko wote.

Kiden hakula siku ile. Nasema hivi kwa sababu najua mnapenda hadithi ambazo mgonjwa anapona kwenye sherehe. Alikunywa uji kidogo kesho yake. Tulimpeleka Arua akaonwa na daktari, akaanzishiwa dawa ambazo zilichukua wiki nyingi kabla hazijaonyesha kitu, na Zubeda alikuwa ananipigia kila mara, "Dakitari, hii dawa imelala?" Nikawa namjibu inaamka, mama, inaamka. Si kila kijana anahitaji dawa. Wengi wanainuka kwa mazungumzo, usingizi mzuri na watu wanaowashika. Kiden alihitaji vyote. Nilikwenda Lurujo mara kwa mara, tukamenya karanga za kutosha kulisha batalioni. Tulianza na vitu vidogo mno: leo oga, kesho tembea mpaka kisimani na urudi. Sajini alitembea naye. Bila filimbi.

Mnajua niliona lini kwamba anapona? Watu hungoja kicheko. Mimi nilifika siku moja nikakuta kelele jikoni, Kiden anamgombeza mama yake kwamba ameunguza chapati na bado anataka kuwauzia watu. Zubeda alikuwa amesimama na mwiko, anagombezwa, meno yote nje. "Sikia yeye!" akaniambia. "Sikia vile ananitukana!" Haki ya Mungu, sikuwahi kumwona mwanamke ametukanwa akafurahi namna ile.

Hayo yalipita zamani kidogo. Kiden alirudi shule, nyingine ya karibu na nyumbani, akamaliza. Sasa ana kibanda cha ushonaji Koboko mjini, na ulimi wake haujapoa hata kidogo. Msiniulize sababu moja iliyomletea ugonjwa ule. Niliitafuta, sikuipata. Kifo cha mama, bweni, damu ya baba, labda yote, labda kingine. Wenye kutaka mtu wa kulaumu walikuwa wengi tayari, mimi nilitaka mtoto aishi.

Mwaka huu, asubuhi moja nikiwa kwenye mizinga, boda ilisimama kwangu Kuluva. Akashuka Kiden. Nguo safi, nywele zimesukwa, lakini nilimtazama machoni nikajua. Alinisalimu vizuri, akaulizia nyuki, akaulizia mgongo wangu. Halafu akasema:

"Mzee, imerudi. Bado ni ndogo. Chakula kimeanza kupoteza ladha na asubuhi zimeanza kuwa nzito. Sikungoja. Nimefunga kibanda, nimekuja mwenyewe."

Miaka yote nilienda kuwatoa vijana nyuma ya majiko, chini ya mashuka, na huyu amepanda boda kutoka Koboko mpaka mlangoni kwangu akiutaja ugonjwa wake kama mtu anavyotaja jino linalomuuma. Moyo ulinijaa. Nilimwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu. Umefanya vizuri sana." Nilitaka kuleta ungo. Lakini mimi nimestaafu, na dawa za leo sizijui zote. Nikavua kofia ya nyuki, tukaenda pamoja Koboko mjini, mpaka kwa Drani, muuguzi kijana aliyechukua nafasi yangu. Mtoto ana ndevu chache na viatu vinavyong'aa, na niliwahi kumwambia kwamba anaongea mno.

Drani alisimama, akamsalimu Kiden. Alikuwa na kiti chake nyuma ya meza. Akakivuta, akakizungusha, akakiweka kando ya cha Kiden, ubavu kwa ubavu, akaketi. Kisha akanyamaza.

Nikawaacha. Nilitoka nje, nikavuta mlango nyuma yangu.